Pingili ya Shangazi

"Pingili imehama." Maneno hayo mawili, yaani mfupa mmoja wa uti wa mgongo umetoka mahali pake, yalimfanya shangazi yangu aogope kuinama mwaka mzima, hata ndoo nusu ya maji akawa habebi.

Nilikuwepo siku anaambiwa. Alilala kifudifudi, viatu miguuni, mtabibu akamshika visigino na kuvilinganisha. "Mguu wa kushoto ni mfupi, unaona?" Kisha akapitisha vidole gumba kando ya uti wa mgongo, akakomea kiunoni. Wiki chache baadaye mtabibu mwingine akampapasa vilevile, akaikuta pingili iliyohama shingoni. Kiunoni, alisema, pako salama.

Mgongo ni mmoja. Nikaanza kusoma.

Kiropraktiki, tiba ya mgongo kwa mikono wanayoifanya watabibu hao, ilianzia Davenport, Iowa, Marekani, mwaka 1895, D. D. Palmer aliposema amemrudishia usikivu mfanya usafi Harvey Lillard kwa kusukuma pingili. Akashikilia kwamba maradhi karibu yote chanzo chake ni pingili zilizokaa vibaya zikabana neva. Lakini neva ya kusikia hutoka kwenye ubongo hadi sikioni humohumo ndani ya fuvu, mgongoni haifiki. Mwaka 2010 baraza linalosimamia watabibu hawa Uingereza lilitamka lenyewe kuwa utafiti hauungi mkono dai la kwamba pingili hizo huleta magonjwa.

Sisemi mikono yao haifai. Wenye maumivu ya kiuno wapo wanaopata nafuu, kama wanavyoipata kwa mazoezi. Ila ule mlio wa "ko!" ni gesi ndani ya ute wa kiungo, si mfupa unaorudi mahali pake. Pingili iliyoteleza kwelikweli huonekana kwenye eksirei, na hairudishwi kwa msukumo wa kitandani.

Kinachoniuma ni maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Miguu inakufa ganzi? Mkojo unazuilika? Kuna homa za jioni, umekonda? Kifua kikuu hushambulia mgongo pia, na anayeusukuma mgongo wa namna hiyo anaweza kumlemaza mtu.

Mwezi uliopita nilimpeleka kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Aliyauliza yote, akamgonga magoti kwa kinyundo, akampima nguvu za vidole vya miguu. Halafu akaangusha kalamu sakafuni.

"Mama, hebu niokotee."

Shangazi akanitazama mimi kwanza. Akainama, akaiokota.