Mshipi Ukikatika, Kapi Abaki na Ndoano Peke Yake

Mvuvi akikuonyesha mtego wake mpya wa kapi (samaki wa maji baridi, carp kwa Kiingereza), yaani ndoano, kigwe (uzi mfupi wa ndoano) na chubwi (uzito wa kuzamishia) alivyovifunga mwishoni mwa mshipi, kitu cha kwanza atakachokusifia ni unavyonasa. Muulize swali jingine: mshipi ukikatika sasa hivi, samaki ataondoka na nini? Jibu likiwa "na ndoano na kigwe kifupi", mtego huo ni halali kutupwa majini. Jibu likiwa "na chubwi la gramu 90 na mita tano za mshipi", basi hata ukinasa samaki mia kwa siku, ni mtego mbaya. Kapi aliyefungwa chubwi atakwenda nalo mpaka linase kwenye magugu au mzizi, na hapo atafungwa kama mbuzi kambani, asile, asisogee, hadi afe.

Naandika hasa kwa Waswahili walioko Uingereza, kwa sababu uvuvi wa kapi kwa ufito na rili (gurudumu la kukunjia mshipi) kama tunavyoujua leo umelelewa huko, katika madimbwi na mashimo ya changarawe yaliyojaa maji, ambako samaki hupimwa, hupigwa picha na kurudishwa majini. Lakini kapi yuko hata Naivasha. Alionekana ziwani mwaka 2001 bila mtu kumpanda makusudi, na baadaye akajaa nyavu za wavuvi. Anayemvua Naivasha kwa ndoano anataka kumpeleka sufuriani, na hilo ni sawa kabisa. Swali langu linamhusu vilevile: kapi aliyekufa chini ya maji na chubwi lako hajamfaa mtu.

Tuanze na mdomo wake, maana mtego mzima umejengwa juu ya mdomo huo. Kapi hana meno mdomoni. Meno yake yako kooni, na yana nguvu za kuponda konokono. Midomo yake ni laini, hutokeza mbele kama bomba, na kazi yake ni kufyonza. Hufyonza chakula pamoja na tope, huonja, kisha hutema asichokitaka, na yote hayo hutendeka upesi sana. Ukichomeka punje ya mahindi juu ya ndoano, ataifyonza, atahisi chuma, ataitema, na wewe juu hutaona hata mtikisiko.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Waingereza wawili, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, walipata jibu: chambo kisikae juu ya ndoano, kining'inie pembeni yake kwa unywele. Mwanzoni walitumia unywele wa kweli, ndiyo maana jina limebaki hata sasa tunapotumia uzi. Kapi hufyonza chambo, ndoano iliyo tupu hufuata nyuma yake. Akitema, chambo hutoka kwanza na ncha iliyo wazi hukwama kwenye mdomo wa chini. Hapo samaki hushtuka na kukimbia, hukuta uzito wa chubwi, na ndoano huzama yenyewe. Hiyo ndiyo sababu ya kutumia chubwi zito, gramu 70 hadi 110. Chubwi la gramu 30 halitoshi kumdunga.

Kuufunga unywele si kazi ngumu, ila watu hukosea vipimo. Kata kigwe, yaani uzi wa kati ya ndoano na kizungushi (kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka), chenye urefu wa sentimita 40 hivi. Mafundo yatakula sehemu kubwa. Funga kitanzi kidogo cha milimita tano mwishoni. Tia chambo kwenye kitanzi hicho sasa hivi, kabla ya kugusa ndoano, ili urefu wa unywele uupime kwa chambo utakachotumia kweli. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoano ukitokea upande wa nyuma, yaani mgongoni, laza unywele kwenye shina, kisha zungusha uzi mara saba au nane kushuka kuelekea mpindo. Rudisha ncha ndefu kwenye tundu kwa kuipitisha tena kutoka nyuma. Ukiipitisha kutoka mbele, ndoano haitageuka inapovutwa, nayo itateleza na kutoka mdomoni bila kudunga. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, kwani uzi mkavu hujichoma kwa msuguano na kupoteza nguvu.

Kati ya chambo na mpindo wa ndoano iache nafasi ya milimita tano hadi kumi. Ukiifupisha sana, chambo kitaziba ncha. Ukiirefusha sana, samaki atakuwa na chambo mdomoni huku ndoano ikiwa bado nje ya mdomo. Unywele nao uondoke kwenye shina karibu na usawa wa ncha. Kipande kidogo cha mpira mwembamba huushikilia hapo. Kisha ujaribu mtego mkononi: laza ndoano kiganjani, vuta kigwe polepole juu ya kidole. Ndoano nzuri hugeuka ikaelekeza ncha chini. Isiyogeuka, fungua uanze upya. Ncha yenyewe ipime ukuchani: ikikwaruza na kushika, ni kali, ikiteleza, itupe, hata kama ulitumia saa nzima kuifunga.

Namba ya ndoano ikipungua, ndoano ni kubwa zaidi. Ndoano namba 6 inafaa chambo cha milimita 15. Namba 8 au 10 kwa punje mbili za mahindi. Namba 4 kwa chambo kikubwa na mahali penye magugu mengi. Kuhusu mwiba wa ndoano watu hugombana sana. Ndoano isiyo na mwiba hutoka upesi na haichani ikitolewa, lakini katika vita ndefu huweza kuhamahama na kupanua tundu. Yenye mwiba mdogo hutulia mahali pamoja. Mimi napendelea mwiba mdogo sana, ila penye kanuni ya kukataza mwiba, kanuni hiyo ifuatwe bila ubishi. Maji mengi ya kulipia Uingereza yanayo.

Sasa chubwi, na hapa ndipo samaki huuawa au huponywa. Kwa anayeanza, nashauri chubwi la kuteleza. Mshipi hupita ndani ya kipete kipana cha chubwi, kisha kuna shanga laini, kisha kizungushi, kisha kigwe. Mshipi ukikatika, unachomoka kwenye kipete na chubwi linabaki chini. Sharti ni moja tu: juu ya chubwi pasiwe na fundo wala kizuizi kisichopita kwenye kipete. Halishtui samaki sawasawa na chubwi lililoshikiliwa, ni kweli, lakini likiwa zito, na mshipi ukikazwa, linanasa vizuri kuliko wauzaji wa vifaa wanavyotaka uamini.

Klipu ya chubwi ndiyo inayotumiwa na wengi, na ndiyo inayokosewa na wengi. Klipu hushika chubwi kwa mkono mdogo wa plastiki, na mkia wa mpira hufunika mkono huo usifunguke. Samaki akikwamisha chubwi kwenye magugu, mkia unapaswa kuteleza nyuma na chubwi lidondoke. Kosa la kwanza ni kuusukuma mkia mpaka mwisho kwa kuogopa chubwi lisiruke wakati wa kutupa. Mpira ukiloa hushika zaidi, na hapo chubwi halitoki tena. Usukume hadi alama ya kwanza au ya pili tu. Kama unatupa mbali, funga chubwi kwenye klipu kwa uzi wa PVA, ile plastiki inayoyeyuka majini, nao utalishikilia hewani kisha uyeyuke. Kosa la pili halionekani kwa urahisi: kizungushi kikosapo kufungwa ndani ya klipu kwa pini yake, klipu nzima huteleza juu ya mshipi, na kwa kuwa haina kinachoishikilia, mkono haufunguki. Pini ile ndogo ikipotea, usiitumie klipu hiyo.

Mtego wa helikopta una chubwi mwisho kabisa wa mshipi, na kigwe kinazunguka ubavuni kati ya shanga mbili. Ni mzuri kwa kutupa mbali na juu ya tope. Hapo samaki ajiokoe kwa njia nyingine: mshipi ukikatika juu, kizungushi cha kigwe kipande, kiisukume shanga ya juu na kutoka kwenye ncha iliyokatika. Wanaofunga mshipi mnene wa mbele kwa fundo kubwa, kisha wakaweka shanga yenye tundu dogo, wamejenga kitanzi cha kifo. Ipitishe shanga juu ya fundo kwa mkono wako kabla ya kutupa. Isipopita kwa wepesi, badilisha shanga.

Mtego wowote ule, uujaribu nyumbani kwenye ndoo ya maji, kwa sababu mpira mkavu na mpira mbichi ni vitu viwili tofauti. Uloweke dakika kumi. Kwa mtego wa klipu, shika ndoano kwa koleo, vuta chubwi kwa vidole viwili: litoke bila kukaza meno. Kisha kata mshipi kwa mkasi juu ya mtego na ushike ndoano tu. Vyote visivyo ndoano, kigwe, kizungushi na klipu yake vianguke chini. Jaribio hili huchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, na sijui sababu ya mtu yeyote kulikwepa.

Sheria ya Uingereza nayo ina neno juu ya risasi. Tangu 1987 vipande vya risasi vya uzito wa kati ya gramu 0.06 na 28.35 vimepigwa marufuku, kwa sababu mabata maji walikuwa wakivimeza na kufa kwa sumu. Machubwi makubwa ya kapi yamebaki halali, lakini punje ndogo za kuzamishia uzi ziwe za tungsteni au madini mengine. Mishipi ya mbele yenye risasi ndani yake imekatazwa kwenye maji mengi. Mshipi mkuu wa nailoni unaohimili uzito wa ratili 12 hadi 15 unatosha karibu kila mahali. Mwembamba zaidi karibu na mizizi ni kumdhulumu samaki.

Urefu wa kigwe uamuliwe na sakafu ya maji. Tupa chubwi peke yake kwanza, ukiwa umekaza mshipi, usikilize linavyotua. Likigonga "ko" mkononi, pana changarawe au udongo mgumu: kigwe cha sentimita 12 hadi 15 kinatosha, na chambo kinachozama kinakaa vizuri. Likitua kimya na ukihisi limeng'ang'ania unapolivuta, ni tope: refusha hadi sentimita 25 au 30 ili chubwi lisikizamishe chambo pamoja nalo. Juu ya tope au majani yaliyooza, chambo kinachoelea sentimita mbili au tatu juu ya sakafu kinaonekana na hakinuki uozo. Mimi hupenda zaidi chambo kilichosawazishwa: kinaelea kidogo, lakini uzito wa ndoano unakishusha taratibu. Kipime kwenye glasi ya maji. Ndoano ilale chini na chambo kisimame juu yake, kikivutwa na mkondo mdogo kiende. Chambo cha namna hii huingia mdomoni kwa wepesi uleule wa punje huru zisizo na ndoano zilizo pembeni, na punje huru ndizo kapi anazotumia kupima kama kuna ujanja. Kigwe kikijisokota wakati wa kutupa, kibonge cha povu la PVA kwenye ndoano huondoa tatizo na pia huifunika ncha isichomeke kwenye taka.

Mahindi na ndago ni vyambo bora na vya bei nafuu, lakini haviingii majini vikiwa vikavu. Punje kavu huvimba, na isivimbe ndani ya tumbo la samaki. Loweka ndago saa 24, chemsha dakika 30, kisha ziache ndani ya maji yaleyale siku moja au mbili hadi yawe mazito na matamu. Mahindi makavu vilevile: loweka usiku kucha na zaidi, chemsha hadi punje ipasuke kwa ukucha. Usimwage maji yake, humo mna sukari na harufu. Ugali mgumu nao si chambo cha kubezwa. Wavuvi wa kapi Afrika Kusini wamejenga uvuvi wao mzima juu ya unga wa mahindi, wakifinyanga donge kuzunguka chubwi ili liyeyuke polepole. Songa ugali mkavu kuliko wa mezani, ukande na asali kidogo au maji ya ndago, ubane kwenye chubwi kama ngumi ya mtoto, na kwenye unywele weka punje mbili za mahindi.

Kiasi cha chambo cha kumwaga majini kinategemea joto. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10, kapi hula kidogo sana, na konzi moja ya chambo yaweza kuwa nyingi kwa siku nzima. Kiangazi, samaki wakiwa wengi, kilo moja huisha asubuhi. Anza na kidogo. Cha kuongeza hakikosekani, ila kilichokwisha kutupwa hakitolewi.

Kabla ya kutupa mshipi wa kwanza, wavu wa kuopolea wenye mdomo wa mita moja uwe tayari umefunguliwa, godoro la kulazia samaki limeloweshwa, na ndoo ya maji iko kando yake. Kapi akifika, piga magoti, umshike chini karibu na godoro, mwagie maji, toa ndoano kwa koleo. Katika mito ya England msimu hufungwa kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, na leseni ya ufito inahitajika kuanzia umri wa miaka 13. Leseni hiyo hununuliwa kwenye intaneti kabla ya kufika majini.