Dawa ya deni nayo ina tarehe ya kuisha

Mwaka juzi mama mdogo alipigiwa simu kuhusu mkopo aliouchukua zamani kufungua genge la mbogamboga. Genge lilikufa, marejesho yakakatika, na zaidi ya miaka mitano ikapita kimya. Sasa kijana mwenye sauti laini anamwambia, "Mama, najua hali ni ngumu. Tuma hata elfu ishirini tu, tuone nia yako." Mama mdogo akaona huyu ana utu kuliko wale wa mwanzo waliotishia kuja kubeba televisheni. Akatuma.

Sijui kama amewahi kutuma elfu ishirini ghali kuliko ile.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, iliyotungwa mwaka 1971, inampa mdai miaka 6 kufungua shauri la deni lililotokana na mkataba. Hesabu haianzi siku uliyokopa. Inaanza siku uliyotakiwa kulipa ukashindwa. Lakini ukilipa chochote kabla muda haujaisha, au ukikiri deni kwa maandishi na kutia saini, hesabu inaanza upya. Mama mdogo alikuwa amebakiza miezi michache. Kwa elfu ishirini akawapa wale jamaa miaka 6 mingine.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyemdanganya. Anadaiwa kweli, na yule kijana aliomba kwa adabu. Ila mmoja wao alijua kalenda na mwingine hakuijua. Barua za madai nimeshaziona nyingi, maana mtaani watu huniletea niwasomee: zina riba, zina faini, zina vitisho vya polisi (deni ni shauri la madai jamani, si jinai). Sijaona hata moja iliyomwambia mtu tarehe ambayo mlango wa mahakama unafungwa.

Kuna wanaosema sheria hii inawalea matapeli. Sikubaliani nao. Baada ya miaka 6 risiti zimefutika, afisa mikopo kahama, na mdaiwa hana tena karatasi ya kuonyesha kwamba nusu alishalipa. Ninachokipenda zaidi ni kifungu cha 3: shauri lililofunguliwa nje ya muda linatupwa hata kama mdaiwa hakulisema hilo mwenyewe. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilitoka, mdaiwa asipojitetea kwa hoja ya ukomo anaweza kufungwa bao hivihivi. Kwetu hakimu ana wajibu wa kuangalia tarehe. Kwa mtu asiye na wakili hiyo ni nusu ya wakili.

Ila usiharakishe kufurahi kama hukumu ilishatolewa. Aliyeshinda kesi ana miaka 12 ya kuomba kuikaza, yaani itekelezwe kwa nguvu ya mahakama, na dalali wa mahakama anaweza kubisha hodi wakati wewe ulishasahau hata sura ya hakimu.

Tena ukomo haulifuti deni. Unamnyima mdai mahakama tu. Kukuomba anaweza, na ukimlipa umelipa haki yake. Mimi mwenyewe nadhani mwenye uwezo alipe, ukomo au hakuna ukomo. Lakini alipe akijua anachofanya.

Nayasema haya nikiwa na kidonda cha upande wa pili. Baba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na daftari la madeni nene kuliko msahafu. Fundi mmoja alichukua mifuko 30 ya saruji: "Mzee, tajiri akinilipa nakuja." Baba aliona haya kumdai mtu wanayesali naye safu moja. Mwaka wa kwanza akanyamaza, wa pili fundi akafiwa, wa tatu baba akasema Ramadhani ipite kwanza. Mwaka wa saba ndipo alipomfuata mwanasheria. Akajibiwa kwamba upande wa pili utaweka pingamizi la awali, kwamba muda umepita, na kesi itaisha siku hiyohiyo. Ile karatasi ndogo ya "nakiri nadaiwa", yenye saini na tarehe, ambayo ingemwokoa kila baada ya miaka michache, hakuwahi kuiomba. Aliona ni kumvunjia mwenzake heshima.

Mwanasheria akaongeza kwamba Waziri wa Sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ana mamlaka ya kuongeza muda wa shauri, usiozidi nusu ya ule uliowekwa. Yaani miaka 3. Baba akacheka mpaka akatoa miwani. "Nimwandikie waziri kwa ajili ya saruji?"

Ukurasa wa fundi bado upo daftarini, haujachorwa mstari. Kila Ijumaa wakitoka msikitini baba humuuliza habari za kazi.

"Kazi ngumu, mzee."