Kanisa Limepigwa X

Mtu akikwambia kuchora ni kazi ya amani, mwulize kama amewahi kuchora Masasi msimu wa korosho.

Nilikaa chini ya mkorosho, nikaelekea kanisa la zamani la misheni, ile iliyoanza mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipofika na watumwa walioachiliwa huru. Nia yangu ilikuwa nguzo za kanisa ziote matawi, na mabibo yaning'inie kwenye upinde wa dirisha. Nikaanza na bibo lenyewe. Wasiolima hudhani korosho imo ndani ya tunda. Wapi! Inaning'inia nje, kwa chini, na ndiyo inayotangulia kukua. Bibo hunenepa baadaye, kama mgeni aliyechelewa halafu akakalia kiti kikubwa.

Mlangoni nikachora matawi mawili yaliyopishana, nikayapaka rangi ya mabibo yaliyoiva. Nyekundu.

Sasa wewe unayeishi kando ya barabara kuu unajua nyumba ikipigwa X nyekundu kinachofuata ni nini. Mimi nilisahau.

Nikasikia mtu anapumua begani kwangu.

"Shikamoo bibi."

Hakuitikia. Alitazama karatasi, akatazama kanisa, akarudi kwenye karatasi. "Mwanangu, hadi nyumba ya Mungu mnaibomoa?"

"Hapana bibi, haya ni mabibo tu."

"Mabibo gani hayo yamepigwa X?"

Akaondoka kwa mwendo ambao sikuutarajia kwa mtu mwenye mkongojo. Nusu saa haikuisha, nimezungukwa. Mzee wa kanisa anataka barua ya wilayani. Kijana anauliza kama fidia ya mkorosho mkubwa na mche ni sawa. Mama mmoja, hana hata mkorosho, anauliza kama mchicha unahesabiwa. Bwana mwingine kanishika mkono: "Kwangu ipo kumi na saba, twende ukahesabu jua halijazama."

Nikaona dawa ni kuifuta ile X. Nikachovya brashi kwenye maji, nikasugua. Rangi ya maji, ndugu zangu! Wekundu ukatambaa kutoka mlangoni hadi paani.

"Yesu wangu," akasema bibi, "kumbe mnalichoma!"

Nilikusanya brashi zangu bila kuzihesabu. Njiani nikakutana na yule bwana wa mikorosho kumi na saba, jembe begani, udongo hadi magotini, anahema.

"Andika ishirini na tatu."