Zidaka za Lamu ni chokaa, si jasi

Zikitajwa nakshi za ukutani za Lamu, jibu huwa tayari mdomoni: zimetoka Uarabuni, au Uajemi. Michoro huenda ilisafiri kweli, lakini kilichochongwa hakikuja na jahazi. Kuta za Samarra, mji wa makhalifa wa Abbasi ulioanzishwa Iraki mwaka 836, zilipambwa kwa jasi, unga wa jiwe laini (gypsum). Zidaka za Lamu, vile vishubaka vya ukutani vyenye nakshi, ni chokaa ya matumbawe, na kwa fundi tofauti hiyo inazidi ya mchoro wenyewe.

Jasi huiva kwa nyuzijoto 150 hivi, na ukishaichanganya na maji huganda, haingoji hata nusu saa. Si ajabu kwamba huko Samarra kalibu zilitumika sana. Chokaa yataka moto wa nyuzijoto 900 hivi, na kilo 100 za tumbawe safi hubaki kilo 56. Kilichopotea ni hewa ya ukaa. Taabu hiyo ni ya kale mno: Ain Ghazal, Jordan, takriban miaka 9,000 iliyopita, watu walifinyanga sanamu za chokaa juu ya matete yaliyofungwa kamba, wakati hata vyungu vya udongo havijaanza kuchomwa huko!

Pwani, matumbawe hupangwa juu ya magogo na kuchomwa. Yakiiva humwagiwa maji, yakafoka na kupasuka kuwa unga. Hapa ndipo wengi huharibu. Bonge lisilokunywa maji vizuri litayanywa likiwa ukutani, livimbe, lirushe kipande cha lipu. Iache chokaa miezi kadhaa, kisha ichekeche.

Tabaka la chini ni chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga uliooshwa kwa maji matamu, maana chumvi ya bahari haisamehi. Lowesha ukuta kwanza, tumbawe lina kiu. Tabaka la juu huwa jembamba, chokaa nyingi zaidi na mchanga laini. Bonyeza kwa kidole: kisipozama, lakini ukucha ukaacha alama, chukua kisu. Ukiwahi, kingo zinaburutika, ukichelewa, zinameguka.

Baada ya hapo ni kivuli na kunyunyiza maji kwa siku kadhaa. Chokaa haigandi kwa kukauka. Hugandishwa na hewa ile ile ya ukaa iliyoitoka tanurini, ikirudi polepole, na bila unyevu hairudi. Lipu iliyokaushwa na jua utaifuta kwa kiganja kama unga.

Kwa hiyo kukitia kidaka kilichobomoka kiraka cha saruji, kama inavyofanywa kila siku, si ukarabati. Saruji inaufungia unyevu wa ukuta wa matumbawe. Maji hutafuta njia nyingine, yakiwa na chumvi yake, na kinachoanguka kwanza si kile kiraka bali nakshi ya zamani iliyo pembeni yake.