Kashata Zimejaa, Tairi Limezeeka

Jumamosi shemeji kaniita nje nikaone maajabu. Kabadilisha matairi yote manne. Yamepakwa dawa ya kung'arisha mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake, vile vinywele vya mpira bado vimesimama, kashata (zile nundu za mpira zinazokanyaga lami) zimejaa. "Gusa," ananiambia. "Hayajawahi kukanyaga lami haya." Nikachuchumaa, nikagusa. Halafu nikafanya kosa la kusoma.

Ubavuni, kwenye mstari wa alama ya kiwandani: DOT, herufi, herufi, kisha 1413.

Wiki ya 14 ya mwaka 2013. Tairi hilo lilitoka kiwandani binti yake, ambaye siku hizi anavaa viatu vya mama yake, akiwa bado anatambaa. Nikamwambia. Akanitazama kama mtu aliyeharibiwa harusi. "Lakini ni jipya! Halijatumika!"

Hapo ndipo damu inaponichemka. Mtu huyuhuyu huligeuza boksi la dawa ya kikohozi mara tatu akitafuta tarehe ya kuisha. Betri ya rimoti anaikagua. Tairi litakalobeba familia yake kwa kilomita 110 kwa saa analipokea kwa sababu linang'aa.

Kutotumika si upya, shemeji. Mpira wa tairi hupikwa na salfa kiwandani ili ukaze, na mabadiliko yake hayaishii mlangoni pa kiwanda. Joto na oksijeni huendelea kuufanyia kazi kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hadi kitu kilichokuwa kinanyumbulika kinakuwa kigumu kama soli ya kiatu kilichosahaulika juani. Likishafungwa kwenye gari, oksijeni haiingii kwa nje tu. Upepo uliomo ndani una presha, kwa hiyo unapenya taratibu kuelekea nje, ukipitia kwenye mikanda ya waya iliyo chini ya kashata. Ufa unaoua huanzia huko, kwenye kingo za mikanda hiyo, mahali ambapo wewe na tochi yako ya simu hamfiki. Vile vijiufa unavyoviona ubavuni ni salamu tu.

Na msiniambie "gari langu haliendi mbali, linakaa tu." Kukaa nako kunazeesha. Ndani ya mpira huchanganywa nta na kemikali za kuukinga na ozoni, na kinga hiyo husogea juu tairi linapojikunja na kujinyoosha barabarani. Gari likiegeshwa miezi mitatu, juu huja kidogo tu. Ndiyo sababu utakuta gari la mzee mstaafu, kilomita chache, limetunzwa kama yai, matairi yake yamepasukapasuka kuliko ya teksi. (Ule ukahawia unaouchukia ubavuni na kuusugua kwa brashi kila wiki? Ndiyo kinga yenyewe hiyo. Endelea kusugua.)

Nina sababu ya kuwa mkali. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa ndiyo yule mjuaji wa kashata. Nilikuwa na kile kigeji cha kupimia kina, nakaa nacho kwenye mlango wa gari, napima za kwangu na za jirani bila kuombwa. Tairi la nyuma kulia lilikuwa na milimita 6. Jipya huwa na kama 8, na katika nchi nyingi sheria inakuruhusu mpaka 1.6, kwa hiyo nilijiona tajiri. Tukiwa barabara kuu, usukani ukaanza kutetemeka kidogo. Nikasema ni balansi. Baada ya kilomita chache ikawa gudugudu, gudugudu, kama mtu anayebisha hodi chini ya kiti. Kisha mlio kama bomu, na kashata yote ikabanduka kama ganda la ndizi, ikachana bodi juu ya gurudumu na kuondoka na kizuia matope. Kilichotuokoa ni kwamba sikukanyaga breki. Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikaachia mafuta, gari likapungua mwendo lenyewe mpaka pembeni. Mikono ilikuwa inatetemeka hata nikashindwa kufungua mlango. Nilipolisoma tairi lile lilikuwa na miaka 9.

Milimita 6! Nilikuwa na kifaa cha kupimia kina na sikuwa na akili ya kusoma tarakimu nne.

Tairi la kawaida la gari dogo huzunguka karibu mara 14 kwa sekunde ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa. Kila kipande chake kinabonyezwa na kuachiwa mara 14 kila sekunde, saa nzima, kwenye lami inayochoma. Sasa chukua mpira mkavu uufanyie hivyo. Paul Walker, yule mwigizaji wa filamu za Fast & Furious, alipofariki mwaka 2013 ndani ya gari aina ya Porsche huko California, wachunguzi walisema tatizo lilikuwa mwendokasi, na sina la kuongeza hapo. Lakini walitaja pia kwamba matairi ya gari lile yalikuwa na miaka 9. Gari la thamani kiasi kile, linalotembezwa kwa nadra.

Watengenezaji hawakubaliani miaka mingapi, na wauzaji wanajificha humo. Kampuni kadhaa za magari zinasema miaka 6. Michelin, wanaotengeneza matairi, wanataka tairi likaguliwe na fundi kila mwaka likishafikisha miaka 5 ya kutumika, na liondolewe likifika 10 tangu litengenezwe, hata kama kwa macho halina kasoro, na hata kama ni la spea. Continental nao wanasema 10. Mimi baada ya lile gudugudu, la miaka 6 nalitilia shaka na la 8 silipandi. Niiteni mwoga.

Haya, nikubali mawili matatu kabla hamjaniandikia. Tairi lililohifadhiwa ghalani, gizani, mahali pakavu na pa baridi, bila kufungwa kwenye ringi, huzeeka polepole zaidi. Kweli. Swali ni nani alikuonyesha hilo ghala. Na dereva anayetembea kilomita nyingi kila siku hana haja ya kunisikiliza, kwani kashata zake zitakwisha zamani kabla umri haujamfikia. Yeye shida yake ni vipara. Kuhusu vipara, yule atakayesema magari ya mashindano hayana kashata kabisa yuko sahihi, kwenye lami kavu mpira mtupu unashika vizuri mno. Ila wale hubadilisha matairi katikati ya mbio, na mvua ikidondoka wote wanakimbilia yenye mifereji. Wewe mvua ikikukuta unakimbilia wapi?

Kingine kinachonikera ni kwamba zile tarakimu nne za tarehe si lazima ziwe pande zote mbili. Upande mmoja unaweza kuandikwa DOT na herufi zake, basi, bila tarehe, na upande wa pili ndio wenye siri yote. Fundi akilifunga tarehe ikiwa ndani, itakubidi ulale chini ya gari. Kwa hiyo soma kabla halijafungwa. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, hilo ni la kabla ya mwaka 2000, lipelekeni makumbusho.

Na tukishaanza kusoma ubavu, tusome wote. Nimechoka na "nipe saizi 16". Kumi na sita ni kipenyo cha ringi kwa inchi, hujasema chochote kuhusu tairi. 205/55R16 91V maana yake upana ni milimita 205, na ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, yaani karibu milimita 113. Hiyo 55 si milimita, wala si "namba ya modeli" kama nilivyowahi kuambiwa na mtu aliyeshika spana. Ukipiga hesabu, tairi zima lina kipenyo cha milimita 632 hivi. Ndiyo maana 195/65R15 na 225/45R17 zinaweza kukaa badala yake kama mtengenezaji wa gari ameziruhusu, kwa kuwa kipenyo kinabaki karibu kilekile. Lakini ukifungiwa 205/65R16 kwa sababu "ni 16 pia", tairi limekua kwa zaidi ya asilimia 6: dashibodi inakuambia 100, wewe uko kwenye 106, na mbele ukikata kona unasikia mpira unalamba bodi. Hiyo 91 ni namba ya mzigo, maana yake kilo 615 kwa tairi moja. V ni mwendo wa mwisho, kilomita 240 kwa saa. Ukiletewa yenye mzigo mdogo kuliko wa kiwandani, kataa.

Upepo nao: tazama kibandiko cha mlangoni, pima asubuhi tairi likiwa la baridi. Namba ya upepo iliyoandikwa ubavuni ni ukomo wa tairi, si kipimo cha gari lako. Tairi lililolegea hujikunja sana, hujikunja likapata joto, na joto ndilo adui tuliyekuwa tunamzungumzia.

Kuisha kwa kashata kunasema mengi ukitaka kusikiliza. Kingo zote mbili zimeisha, upepo ulikuwa mdogo. Katikati pameisha, ulizidi. Upande mmoja tu, nenda alaimenti (ukanyooshewe magurudumu) kabla hujanunua jipya, la sivyo nalo litaliwa vilevile. Mabonde mabonde, tazama shokapu. Na uvimbe ubavuni hauna mjadala wala "nitafika nalo tu": nyuzi za ndani zimekatika.

Jambo la mwisho, ambalo hakuna anayeniamini: ukinunua mawili, yaliyo mapya zaidi yanaenda nyuma. Hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mbele pakiteleza kwenye maji, gari linagoma kukata kona, unapunguza mwendo na kwa kawaida linarudi. Nyuma pakiteleza, gari linageuka na kukutazamisha ulikotoka, na hapo dereva wa kawaida hana la kufanya.

Jana usiku shemeji kaniandikia. Amekubali, nimeshinda. Atanunua mawili mapya kwanza, mawili mengine mwisho wa mwezi. Haya mapya, anasema, anayaweka mbele, "maana ndiko kwenye usukani."

Nimempigia mara tatu, hapokei.