Kompyuta za lab: kabla hamjazitoa, zifungueni kwanza

Kuna shule moja huku Kisauni, Mombasa, mi huenda kusaidia kwenye lab, ina kompyuta 22, zote za prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i5 kizazi cha nne, zilizokuja mitumba kutoka Ulaya, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) giga 4, na hard disk za zamani zile za kuzunguka. Kamati yataka zitolewe zote zinunuliwe mpya. Mimi na mwalimu wa kompyuta twasema zifunguliwe kwanza tuone zipi zatengenezeka, na tumebishana hadi basi, ila sikatai kuna mahali kamati wana haki.

Kipindi ni dakika 40. Siku moja tukapima na simu, mtoto amebonyeza pawa, tukangoja, tukangoja, mpaka Excel ifunguke ni dakika 6 na ushee, na hapo wamekaa watatu kwa kompyuta moja manake zingine haziwaki kabisa. Mtu akiona hivyo lazima aseme hii kitu imezeeka. Lakini tukachukua ile ile moja tukaitoa hard disk tukatia SSD, diski ya kisasa, ya giga 240, RAM tukaifikisha 8, Windows tukaiweka upya, ikawaka kwa sekunde 20 na kitu. Prosesa hatujaigusa. Kumbe kilichokuwa chachelewesha ni ile sahani yazunguka na kichwa chake chahangaika huku na huku kutafuta data, wakati SSD haina kitu cha kuzunguka ndani. SSD ya SATA husoma kama megabaiti 500 kwa sekunde, hard disk 100 na kidogo, na ukija kwa vile vifaili vidogo vidogo vya kuwashia Windows ndo yaachwa mbali kabisa. SSD na RAM iliyotumika vilitutoka chini ya shilingi elfu 5, yani kwa pesa ya desktopu moja mpya ya dukani twatengeneza kumi hivi.

Sasa hoja ya kamati yenye uzito ni Windows. Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi yataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane na TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwa hivyo hizi zetu hazipiti hata uzitie RAM ya giga 32. Hilo ni kweli kabisa. Lakini kwa taasisi za elimu kuna mpango wa kulipia masasisho ya usalama, dola 1 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, 2 wa pili, 4 wa tatu, hiyo yatufikisha Oktoba 2028. Na wale wa madarasa ya chini wanaojifunza kuchapa na kutumia brauza, Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, yawatosha sana. Watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, siwezi kuwapeleka huko, wamefundishwa Access na Publisher, programu za Microsoft, kumbadilishia mtoto programu mwaka wa mtihani ni kumuonea.

Kinachonitia wasiwasi mimi zaidi ni chumvi ya hewa ya bahari. Tumefungua 13 mpaka sasa. Ya tatu hivi skrubu zilikuwa zimeshikana na kutu mpaka tukazikata, vumbi ndani limekuwa kama tope manake hewa ya huku haikauki, na pini za RAM zimeingia rangi ya kijani. Zingine ukisugua pini na raba ya mwanafunzi zawaka vizuri tu. Lakini kompyuta 4 kati ya hizo 13, kapasita zake zimevimba kwenye mada bodi, hizo usitie hata shilingi, ng'oa vipuri vinavyofaa uweke. Na hizi kompyuta za kesi ndogo, pawa saplai zake zina umbo lao wenyewe, ikiungua huendi duka lolote ukaipata, mpaka uitoe kwa kompyuta nyingine kama hiyo. Kwa hivyo mtu asije akawaambia kutengeneza ni rahisi kila mara.

Ila mpya nazo zitakaa chumba hicho hicho, madirisha ya luva, upepo wa kusi waingia moja kwa moja, stima yaruka yarudi mara mbili kwa siku bila UPS (betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea) hata moja. Waranti ya mwaka mmoja haizuii kutu. Hapo ndo naona kamati wamekosea hesabu, pesa yote yaenda kwa mashine na ukuta wabaki vile vile.

Pendekezo tulilowapa ni hili: 9 zilizo nzima kati ya zile 13 zitiwe SSD na RAM, mpya zinunuliwe 4 tu kwa watahiniwa, na pesa itakayobaki iingie kwenye UPS, vifuniko na vioo vya madirisha. Jumamosi twafungua zile 9 ambazo hatujazifungua bado, na mwenyekiti wa kamati amekubali kuja kuangalia mwenyewe, nimemwambia aje na nguo ya kuchafuka.