Wekeni ndizi pale kwenye pipi

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya keshia katika supamaketi moja hapa Dar es Salaam, binti yangu wa miaka minne kakaa ndani ya toroli. Kushoto pipi, kulia chokoleti, bazoka na biskuti, zote zimepangwa usawa wa macho yake, si wa macho yangu. Wala hakuhitaji kunyanyuka. Alinyoosha mkono tu, akachukua. Nyumbani nilipotoa vitu kwenye mfuko nikakuta mchele, mafuta, sabuni, tambi, soda, biskuti pakiti tatu. Kilichotoka shambani kikiwa bado na sura ya shambani ni nyanya na vitunguu basi.

Lawama yangu naibeba, mimi ndiye mzazi. Lakini wenye maduka nao wanisikilize, maana ile foleni haikujipanga yenyewe.

Mboga na matunda unayakuta wapi? Nyuma kabisa, ukishapita friji za maziwa. Karoti tatu ndani ya nailoni, mchicha umesinyaa, matufaha ya Afrika Kusini na stika zake. Desemba, embe zimemwagwa barabarani mpaka zinaoza, mimi nimetoka humo ndani na juisi ya embe ya boksi kwa sababu embe lenyewe halikuwepo. Hili linaniuma sana. Machungwa ya Muheza, mananasi ya Kiwangwa, mboga za Lushoto, vyote vinaingia mji huu kwa malori, halafu duka letu linatuuzia picha ya tunda kwenye boksi!

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na viazi na mihogo havimo kwenye hesabu hiyo. Si mlima. Ndizi mbivu, chungwa, mchicha wa kutosha mchana na kachumbari usiku, hapo umefika au umekaribia. Ila lazima viwepo jikoni, na ili viwepo jikoni sharti viingie kwenye toroli.

Nilimfuata msimamizi wa duka. "Kaka, kwa nini hapa kwenye keshia msiweke ndizi?"

"Dada, ndizi inaiva leo, kesho imekuwa nyeusi. Hasara yetu. Pipi inakaa mwaka."

Nimemwelewa. Lakini mama wa genge la mtaani kwetu hana hata friji, na ndizi zake zinaiva vilevile. Anachofanya ni kununua kidogo kila alfajiri, kisha ikifika saa kumi na mbili jioni anaunganisha mafungu mawili kwa bei ya moja. Kisamvu anakiuza kimeshatwangwa, kwa sababu anajua mwanamke aliyeshuka kwenye daladala usiku hana nguvu ya kushika mchi. Bamia ukitaka za mia tano anakupimia. Haniambii habari za afya hata siku moja. Ananirahisishia tu, nami nanunua. Duka lenye jenereta na vyumba vya baridi linashindwa nini hapo?

England wameamua kwa sheria: tangu Oktoba 2022 maduka makubwa hayaruhusiwi kupanga pipi, chokoleti na vyakula vingine vya aina hiyo mlangoni wala kwenye keshia. Sisi tunaweza kuanza bila sheria. Sinia moja la ndizi na machungwa, ya kuuzwa moja moja, pale pale anapofika mkono wa mtoto. Mboga zihamie mlangoni, toroli likiwa bado tupu na pesa bado ipo. Na jioni bei ishuke kwa maandishi makubwa, mchicha usisubiri kutupwa.

Upande wangu nimebadili njia. Naingia, sigusi rafu yoyote, naenda moja kwa moja nyuma kwenye mboga, kisha ndiyo narudi kwenye mchele na sabuni. Binti namkabidhi chenza moja kabla hatujaingia kwenye foleni, alipie mwenyewe kwa mkono wake.

Msimamizi ameniambia nipite tena Jumamosi, atazungumza na bosi wake kuhusu hilo sinia. Nitapita.